Fundi minara kutoka Dodoma ndani ya msitu wa Kongo

Nikisema nimefanya kazi Kongo maswali yanakuja yaleyale, dhahabu, vita, mziki, basi. Msitu wenyewe hauulizwi, wakati kwangu mimi msitu ndo ulikuwa kazi yenyewe. Nilikuwa fundi minara ya simu, na mnara ukishausimamisha mle ndani unagombana na msitu kuanzia siku ya kuchimba msingi mpaka siku mkataba wako unaisha. Kwahiyo haya nayoandika ni ya mtu aliyekuwa anaangalia bolti na dizeli, sio mtalii wala mtafiti, ila kuna mambo niliyaona huko yamenifanya nisiangalie tena pori lolote kama nilivyokuwa naliangalia zamani.

Mi ni mtu wa Dodoma, upande wa Kongwa huko. Kwetu ukisimama juu ya kichuguu unamuona mtu wa baiskeli anakuja, unaenda kunywa chai, unarudi bado hajafika. Mvua yetu kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka, inakuja kwa mkupuo afu zaidi ya nusu mwaka mnakaa mnaangalia mbingu. Kisangani inapita milimita 1,600 na hamna mwezi unaoweza kusema huu sasa ni kiangazi kweli, kuna miezi ya mvua nyingi na kuna miezi ya mvua kiasi. Ukifua jinzi Jumatatu unaivaa Alhamisi na bado kiunoni ina unyevu. Daftari zangu zote za mwaka wa kwanza zilivimba zikaota madoa, nikajifunza kuandika kwa penseli na kuziweka kwenye dumu la plastiki lenye mfuniko pamoja na pasipoti na mkate.

Kwa asiyepajua, Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, ndo makao makuu ya mkoa wa Tshopo, na mji umekaa kwenye mto Kongo pale boti zinapogomea. Boti zinazopanda kutoka Kinshasa zinakata kama kilomita 1,700 zinaishia hapo, juu yake kuna maporomoko ya Boyoma, saba mfululizo mpaka Ubundu, na Wabelgiji waliamua kujenga reli ya kilomita 125 kuyakwepa. Kwenye poromoko la chini ndo wapo Wagenia, wale wavuvi wanaosimika magogo makubwa katikati ya maji yanayochemka na kuning'iniza vikapu vikubwa vya kusuka vinavyonasa samaki, ukiwaona wanavyotembea juu ya yale magogo bila kamba wakati mimi napanda mnara na hanesi mbili, ile mikanda ya usalama, unaona aibu kidogo. Mjini watu wanaongea Kilingala na Kiswahili, wanachanganya na Kifaransa kila wanapojisikia, na usafiri ni pikipiki na toleka, baiskeli yenye kiti cha sponji nyuma. Saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Nchi nzima ni kama Tanzania mbili na nusu, na msitu wa mvua wa bonde la Kongo, ambao duniani unazidiwa na wa Amazon tu, zaidi ya nusu yake uko kwao.

Sasa mnara. Miti ya mle inafika mita 40 bila shida, kwahiyo mnara mfupi kama tuliozoea kwenye vijiji vya mbuga Bongo hauna maana, antena inakuwa inatazama majani. Tulikuwa tunaweka wa mita 60. Vyuma vinakuja mpaka mjini kwa boti au lori, afu vinaingia ndani kwa pikapu, pikapu ikishindwa pikipiki, pikipiki ikishindwa mabega ya watu. Dizeli vilevile, madumu yamefungwa huku na kule kwenye pikipiki na dereva anavuka daraja la magogo mawili huku anakupigia stori za mpira. Sola tuliweka, lakini mawingu yakikaa siku kadhaa mfululizo betri zinaanza kulia, na paneli zenyewe zinaota ukungu wa kijani kwenye kingo usipozisugua. Kufuli likikaa bila grisi hulifungui, unalikata na msumeno. Kwenye kabati la vifaa niliwahi kukuta mchwa wamejenga tuta zima likafunika kadi za redio, siku nyingine nyigu, siku nyingine nyoka mwembamba wa kijani kajikunja juu ya inveta, anafuata joto kavu, na joto kavu mle ni kitu adimu mpaka nyoka anakitafuta. Radi ndo usiseme. Mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa radi nyingi kabisa duniani, kwahiyo mchana ukiona wingu limegeuka rangi ya wino unashuka, hata kama bosi yuko kwenye simu anapiga kelele, utampigia ukifika chini.

Ila ukiwa kule juu hali ya hewa ikiwa nzuri, umefunga hanesi umeegemea chuma, unaona kijani tu inapanda inashuka mpaka macho yanachoka, hamna bati, hamna moshi, na kitu cha kwanza kinachokuja kichwani ni kwamba huku hakuna mtu. Ofisini Kinshasa na wenyewe wakiangalia picha ya setilaiti wanasema hivyohivyo, wanaweka nukta, wanakutumia namba za jipiesi, kazi imeisha kwao.

Kuna saiti moja tulitakiwa kusimamisha pembeni ya barabara ya kwenda Bafwasende, nukta imeangukia kwenye mwinuko ndani ya msitu, mbali kidogo na kijiji. Chifu wa eneo tulishaongea naye, karatasi zimepigwa mihuri, vijana wameanza kufyeka. Siku ya pili asubuhi tukakuta wazee wamekaa kwenye magogo tuliyoangusha, wametulia kabisa, mmoja anatafuna kokwa ya kola. Hawakupiga kelele wala nini, wakasema hapa ni kwetu, hamuwezi kuendelea mpaka tuongee. Injinia wetu, kijana wa Kinshasa, akaanza kueleza kwa Kifaransa kwamba sheria ya ardhi ya 1973 inasema ardhi yote ni mali ya serikali, na kwamba kwenye picha pale pameonekana msitu mtupu. Mzee mmoja akamuacha amalize, afu akanigeukia mimi kwa Kiswahili chao, "Ndugu ya Tanzania, ile mawese unaona kule ndani, ni nani alipanda? Ni makako?" Makako kwao ni nyani.

Nikaangalia. Kweli, katikati ya miti mikubwa kulikuwa na michikichi, mizee, mirefu, imesimama kama mstari. Sasa mtu yeyote wa Kigoma atakwambia mchikichi ni mti wa jua, hauoti chini ya kivuli cha msitu uliofunga. Ukiikuta mizee ndani ya msitu mnene ujue pale paliwahi kuwa wazi, watu waliishi, walikula ngazi, yaani matunda yake, wakatupa kokwa nyuma ya jikoni. Wakatuzungusha. Huu ni msafu, mti wa yale matunda ya zambarau wanayoyachemsha wanakula na muhogo, nao ulipandwa. Hivi ni vigae vya chungu. Huku chini kuna kijito, ng'ambo ya kijito ni ukoo mwingine, msitie mguu. Na hapa, pale tulipokuwa tumeweka kigingi cha mguu wa mnara, kuna makaburi. Mimi nilikuwa nimepita hapo na ile siku ya kupima nikaona vichaka tu.

Hapo ndo nilipata historia ambayo shuleni nilisoma kwa mbali. Wale wazee wanahesabu enzi zao hivi, enzi za Waarabu, enzi za Bula Matari, enzi za barabara. Bula Matari walimwita Stanley afu jina likahamia kwa serikali nzima ya wazungu. Enzi ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji aliyelazimisha watu kugema mpira, watu walikimbilia ndani zaidi ya msitu kukwepa kuuawa na kukatwa mikono, na baadae serikali ya Ubelgiji ikaja kuwatoa kule ndani kwa nguvu ikawapanga kando ya barabara, ili wahesabike, walipe kodi, walimishwe pamba na watengeneze hiyohiyo barabara. Kwahiyo kijiji unachokiona leo barabarani, nyumba zimepangwa foleni, sio pale walipozikwa mababu. Kijiji cha zamani kiko ndani, msitu umeota juu yake, na kila ukoo unajua chake kiko wapi kwa kuangalia michikichi. Sisi tuliokulia kwenye stori za Operesheni Vijiji tunaweza kuelewa hilo bila kuchorewa picha, bibi yangu mpaka anafariki alikuwa anaita shamba fulani la mtu mwingine "kwetu".

Na hizo enzi za Waarabu zinatuhusu. Waliopeleka Kiswahili mpaka kule ni misafara ya pembe na watumwa iliyotoka pwani yetu na Unguja, Tippu Tip alikuwa na nguvu pale kwenye maporomoko kiasi kwamba mwaka 1887 Leopold aliamua amfanye gavana kuliko kupigana nae. Yule mzee wa kola aliniambia bila hasira yoyote, nyie mulikuja na bunduki na mpunga. Mpunga bado upo, wanalima sana, na ni mtamu. Sikuwa na la kujibu, na sidhani kama alikuwa anataka jibu, alikuwa ananiweka tu mahali pangu kwenye orodha.

Mwisho wa siku mnara tuliusogeza ukakaa nje ya makaburi, mkataba wa kodi ukaandikwa na jina la ukoo likiwemo sio chifu peke yake, mbuzi wakaliwa. Ilichukua wiki na wiki, kampuni ililalamika sana. Lakini ile saiti haikuwahi kuibiwa dizeli hata lita moja muda wote niliokuwepo, wakati saiti nyingine iliyojengwa kwa mihuri mitupu jenereta lilikuwa linanyonywa mpaka tukachoka kubadilisha walinzi. Tangu hapo kila nukta mpya nilikuwa naingia kwanza na mzee wa kijiji, bila kipimo wala kamera, namuuliza tu hii miti nani alipanda. Halafu siku hizi kuna mlango wa kisheria, amri ya 2014 inaruhusu jamii kupewa msitu wao rasmi mpaka hekta 50,000, na baadhi ya vijiji wamejitosa, ila makaratasi yake ni marefu na yanataka ramani, na ramani inataka mtu wa kulipwa.

Upande wa mto ni dunia nyingine. Ukishuka na mtumbwi wa mashine kutoka Kisangani kama kilomita 100 unafika Yangambi, kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo Wabelgiji walianzisha 1933, majumba ya matofali yamezungukwa na msitu, kahawa ya robusta na michikichi ya mbegu bora vimefanyiwa kazi sana pale. Ukiendelea mbele ni Isangi. Hilo eneo ni la Walokele, watu wa maji, na ndo wenyewe wa lokole, ngoma ya gogo, limechongwa likatobolewa mwanya mrefu juu, mdomo mmoja mnene mmoja mwembamba, ukigonga huku sauti nene, ukigonga kule sauti nyembamba.

Nilikuwa nimesikia habari za ngoma zinazoongea nikadhani ni mambo ya kuwafurahisha wageni. Sasa ikatokea saiti yetu moja ya mtoni imezima, dizeli imeisha, boti ya mafuta imechelewa, mtandao wa eneo zima haupo na mimi nimekaa pale na simu mfukoni, kazi yake imebaki tochi. Jioni ikasikika ngoma kwa mbali juu ya mto. Papa mmoja, yaani mzee, aliyekuwa anatengeneza nyavu akainua kichwa, akasikiliza, akaendelea na nyavu zake. Baada ya muda akasema, mafuta yako inakuja, wamepita kule juu, iko na bido mingi na muzungu moja. Boti ilifika giza limeingia, na madumu, na mzungu mmoja wa shirika aliyeomba lifti. Mi fundi wa mawasiliano nimeletewa taarifa ya dizeli ya mnara wangu na gogo.

Nikamganda yule papa siku mbili zile anieleze. Kumbe lugha yao ni ya toni, neno lina kupanda na kushuka, na lokole inatoa ile toni tu bila herufi. Tatizo maneno mengi yana toni zinazofanana, kwahiyo ukigonga neno moja peke yake msikilizaji hajui umesema nini. Dawa yake ni kwamba kila neno la ngoma lina mkia wake mrefu unaojulikana na wote. Husemi mwezi, unagonga mwezi unaoangalia chini duniani. Husemi kuku, unagonga kuku yule mdogo anayesema kiokio. Huo mrefu wote ni wa kuzuia makosa. Na mtu ana jina lake la ngoma, linabeba na jina la baba, ili taarifa isiangukie kwa mtu mwingine. Sasa mtu aliyesomea redio akisikia hivyo anacheka, kwa sababu ndo kitu tunachofanya sisi, unatuma data na ziada juu yake ili ikiharibika njiani upande wa pili uweze kuijua, na mbele unaweka anwani. Walikuwa na mtandao, wenye stesheni kila kijiji na wa kurusha mbele kwa kituo kinachofuata, usiotumia dizeli. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyeishi Yakusu karibu na Kisangani, ndo alikuja kuyaandika haya vizuri katikati ya karne iliyopita, na tayari wakati huo alikuwa anasikitika kwamba vijana hawajifunzi. Siku hizi ni wazee wachache, misiba na mikutano. Nilimuuliza papa kama mnara wangu ndo umeua lokole, akasema hapana, iliuawa na shule, watoto wakati wa kujifunza ngoma walikuwa darasani. Simu imekuja kukuta maiti imeshapoa.

Chakula nitakisema kwa sababu huwezi kuelewa msitu bila tumbo. Mjini utakula lituma, ndizi zilizochemshwa zikapondwa zikawa donge, na pondu yaani majani ya muhogo yenye mawese, na samaki wa liboke, anafungwa na pilipili na nyanya ndani ya majani mapana ya mangongo anawekwa juu ya makaa. Hayo majani ya mangongo yalinishangaza, yanafanya kila kitu, ni sahani, ni mfuko, ni mfuniko wa sufuria, ni paa la kibanda, ni mwavuli mvua ikikukuta njiani, na hakuna anayeyapanda. Mama mmoja aliyekuwa anatupikia saiti alikuwa akikosa mangongo hapiki, anasema nitapikia nini, na kweli sufuria zilikuwepo tano pale jikoni.

Halafu viwavi, mbinzo. Mwezi wa nane huko Tshopo kunanuka viwavi vya kukaushwa, sokoni wamepangwa kwa vikopo, na mtu anayekunja uso muulize senene wa Bukoba nao wanaliwa na nani. Protini ya mwaka kwa familia nyingi iko pale. Sasa kuna aina inayopendwa sana ambayo inakula majani ya mti wa sapeli, na sapeli ndo mbao hiyohiyo nyekundu nzuri inayotafutwa na makampuni ya magogo na wapasuaji wa chenso, milango mingi mizuri ya Kampala na Nairobi imetoka kwenye misitu ya upande wa Ituri, mkoa wa jirani. Mti mmoja, kijiji kinauona kama ghala la chakula linalojaa kila mwaka, mnunuzi anauona mara moja. Nimekaa kwenye kikao ambacho kijiji kiliahidiwa mabati na zahanati kwa sapeli zao na kina mama waliokuwa wamekaa nyuma ndo waliouliza viwavi vitakuja wapi, wanaume wakacheka, msimu uliofuata hakuna aliyecheka.

Kuhusu udongo niseme kidogo kwa sababu kila mtu wa kwetu akiona ile miti anasema tukipata ekari mia hapa tunatoka. Hutoki. Ile rutuba haiko chini, iko kwenye majani yaliyoanguka na kuoza pale juu, mizizi inayanyonya kabla hayajashuka. Tulipochimba misingi, chini ya kiganja kimoja cha weusi ulikuwa udongo wa njano mpaka shimo linaisha. Wakulima wa kule wanafyeka, wanachoma, wanapanda mpunga, muhogo, ndizi, msimu mmoja miwili mitatu, afu wanahama na kuacha pale papumzike miaka mingi. Wageni wanawaita wavivu. Shida inaanza pale watu wanapokuwa wengi karibu na mji na mkaa una soko, pale pa kupumzika panarudiwa mapema, na unaanza kuona nyasi mahali ambapo hapakuwa na nyasi.

Ituri nilifanya kazi muda mfupi, upande wa Mambasa na Epulu, ndani ya hifadhi ya okapi. Ilianzishwa 1992, ikaingia urithi wa dunia 1996 na mwaka uliofuata tu ikawekwa kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Okapi ni ndugu pekee aliye hai wa twiga wetu, anapatikana Kongo tu, ndo yule kwenye noti ya faranga 1,000. Porini sikumuona hata mmoja na wenyeji wengi hawajamuona. Juni 2012 waasi majangili walivamia kituo cha Epulu wakaua watu na wakaua okapi wote 14 waliokuwa wanatunzwa pale, ukipita unaoneshwa.

Wambuti, watu wa msituni wanaoishi kwa kuwinda na kurina asali, ndo waliotufungulia njia kule, na sijawahi kufanya kazi na watu wanaojua kazi yao vile. Unaweza kuwa na jipiesi, mvua na majani yakaifanya ipoteze setilaiti, wao wanaenda tu, wanavunja vijiti vidogo njiani kuelekeza wanaofuata. Ndani ya misitu ya mbau, ambayo mti mmoja huohuo umejaa eneo kubwa mpaka chini giza, mimi kila upande naona sawa, wao wana majina ya sehemu kila baada ya hatua chache. Nilichokichukia ni jinsi wanavyosemwa. Wanakijiji wakulima, ambao wamekuwa wakibadilishana nao nyama na asali kwa muhogo na vyuma vizazi kwa vizazi, wengine wanawaongelea kama mali yao, "Wambuti wangu". Malipo yao kwenye mradi wetu yalikuwa yanapitia mkononi mwa mtu wa kijiji na yanafika nusu, mpaka tukaanza kulipa mkono kwa mkono, ikaleta maneno mengi lakini ikakaa hivyo. Na ukipanga kazi nao uangalie kalenda ya asali. Katikati ya mwaka maua yakishapita msimu wa asali unaingia, kambi zinahama, mtu yuko juu ya mti mita 30 anawafukizia moshi nyuki, nanyi makao makuu mnatuma meseji kuuliza kwanini nguvu kazi imepungua. Tulijifunza kupeleka vifaa mwezi huo na kufyeka mwezi mwingine.

Kitu ambacho watu wa nyumbani hawakijui, ile mvua yao na yetu zinajuana. Msitu wa Kongo unaivuta mvua na kuirudisha hewani kupitia majani, inanyesha tena mbele, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ya kwetu ikitoa utabiri utasikia mara kwa mara wakitaja upepo wenye unyevunyevu kutoka misitu ya Kongo. Nilikuwa nasikia hiyo sentensi kwenye redio tangu niko mdogo nikiwa naangalia mtama wa baba umenyauka. Kwahiyo mtu wa magharibi ya Tanzania akisikia sapeli zinaangushwa asifikiri ni habari za nchi ya watu.

Kwa vijana wanaoniuliza namna ya kwenda kufanya kazi kule, njia ya Beni, Komanda mpaka Mambasa imekuwa na mashambulizi ya waasi wa ADF miaka hii, usiingie kwa barabara kwa kuambiwa na mtu wa WhatsApp kwamba iko shwari, uliza madereva wa malori wanaolala hapohapo, na ikibidi panda ndege mpaka Kisangani. Chukua dola safi, iliyochanika kidogo tu haipokelewi. Chukua chandarua, gambuti, grisi, na kopi nyingi za barua yako ya kazi zenye mihuri kwa sababu kila kizuizi kinataka ya kubaki nayo. Jifunze Kilingala cha salamu hata kama Kiswahili kinatosha, ukishuka mtoni kwa Walokele utakihitaji. Na zawadi ya kijijini chukua chumvi na sabuni, fulana za kampuni wanazo tayari.